Abiria wa Benchi la Tisa

Vumbi la Karatu mwezi wa kumi halichagui. Linaingia kwenye sukari iliyofunikwa, kwenye saa ya mkononi, katikati ya kurasa za Biblia iliyofungwa. Magari ya watalii yanapoiacha lami na kuchepuka kwenye njia za udongo, huacha nyuma yao wingu jekundu linaloning'inia hewani mpaka lichoke, kisha linashuka taratibu, sawasawa, juu ya kila kitu. Tluway alikuwa ameishi na vumbi hilo miaka hamsini na hakuwahi kuliona likisaza mahali.

Ndiyo maana Alhamisi ile asubuhi, alipofungua kufuli la behewa la treni alilokuwa akilikarabati na kupanda na ndoo yake ya vifaa, alisimama ghafla kwenye ujia wa katikati.

Benchi la tisa, upande wa kushoto, karibu na dirisha, lilikuwa na mahali pasipo na vumbi.

Hapakuwa pamepanguswa. Mkono ukipangusa vumbi huacha mistari, na Tluway aliijua mistari hiyo kama anavyoijua mishipa ya ubao. Hapa kingo zilikuwa laini, kana kwamba vumbi lilianguka usiku kucha juu ya kitu kilichokaa pale, halafu kitu kile kikaondoka alfajiri bila kutikisa chochote. Lilikuwa doa lenye upana wa mtu mwembamba. Pembeni yake palikuwa na doa jingine la mviringo. Na sakafuni, mbele ya benchi, palikuwa na doa dogo la tatu, refu kidogo, kama unyayo. Moja tu.

Alitoa tepu yake akapima, kwa sababu kupima ndicho kitu alichokifanya kila alipokutana na jambo asilolielewa. Inchi kumi na tatu. Mviringo, inchi kumi. La sakafuni, inchi tisa kasoro. Akaviandika vipimo kwa chaki chini ya benchi, pamoja na tarehe: ishirini na tatu. Kisha akalipangusa benchi lote, akaanza kazi.

Behewa lenyewe lilikuwa limefika mwanzoni mwa mwezi wa tisa, juu ya lori refu, likapita katikati ya mji watu wakisimama barabarani kulishangaa. Karatu haijawahi kuwa na reli. Lilitoka huko chini kwenye mashamba ya mkonge, kwenye kituo kidogo cha reli ya Tanga ambacho treni ziliacha kusimama zamani, majani yakaota mpaka madirishani. Abdulwahabu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale mjini, ndiye aliyelipata. Alitaka kulifanya mgahawa wa chai kwa wageni wanaokwenda Ngorongoro, na alikuwa na msimamo mmoja: liwe vilevile lilivyokuwa. Mabenchi yaleyale ya mbao, vishikio vilevile vya shaba, hata kibao kilichokataza watu kutema mate kibaki.

"Plastiki wanaiona kwao kila siku," alisema. "Hapa waje wakalie kitu kilichofanya kazi."

Tluway alikuwa ameiomba kazi hiyo mwenyewe. Watu waliona ajabu kidogo, kwa maana si mtu wa kuomba. Alijifunza useremala peke yake, kwa kubomoa viti vya watu na kuvirudisha, na kazi ilimfuata nyumbani. Lakini siku aliyosikia habari za behewa alivaa shati safi akaenda dukani kwa Abdulwahabu, akakaa kwenye mfuko wa saruji mpaka alipopata nafasi ya kusema. Wakaenda pamoja kulichagua. Katika kituo kile yalikuwapo mabehewa matatu ya daraja la tatu. Mawili yalikuwa yameshakatwa na watu wa chuma chakavu, yamebaki mbavu. La tatu lilikuwa zima. Tluway alipanda, akatembea kutoka mlango wa nyuma mpaka wa mbele akigusa kila benchi, akashuka.

Walilileta, kreni ikaliweka juu ya vipande viwili vya reli na mataruma yaliyobeba reli za kituo kile, na Tluway akaanza kwa utaratibu wake. Kila ubao alioutoa aliupa namba, akaulaza uani kwa mpangilio, ili kila kitu kirudi mahali pake. Kufikia siku ile ya doa, mabenchi yote ishirini na manne, kumi na mawili kila upande, yalikuwa yamesharudi.

Mchana alimwendea Sairowua, mlinzi, aliyekuwa kivulini akichonga fimbo. Sairowua alikuwa kijana wa Kimasai kutoka Soitsambu, mwenye maneno mengi kuliko walinzi wengi.

"Usiku umelala ndani ya behewa?"

"Ndani ya hiyo?" Sairowua alicheka mpaka akaangusha kisu. "Fundi, mimi nimelala porini simba akikohoa upande wa pili wa boma. Lakini hiyo nyumba yako ya chuma, hata unipe ndama."

"Kwa nini?"

"Ina mtu."

"Mtu gani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nimeajiriwa kulinda nje. Ya ndani hatukukubaliana." Akaokota kisu. "Lakini ni mtu mzuri. Anakaa tu."

Ijumaa asubuhi doa lilikuwa kwenye benchi la nane.

Vipimo vilikuwa vilevile: mwembamba, mviringo, unyayo mmoja. Jioni ile, kabla ya kufunga, Tluway alinyunyiza unga wa mahindi kwenye ujia wote, mlango mpaka mlango, akafunga kufuli na kulizungushia uzi mwembamba. Jumamosi uzi ulikuwa haujakatika. Unga ulikuwa haujakanyagwa. Doa lilikuwa kwenye benchi la saba.

Hakumwambia mtu. Hakuwa mtu wa kuharakisha kuamua jambo ni nini. Aliandika tarehe chini ya benchi, akahesabu yaliyobaki: sita, tano, nne, tatu, mbili, moja. Halafu mlango wa mbele. Siku ya benchi la kwanza ingekuwa Ijumaa ya tarehe thelathini na moja. Mlango ungekuwa Jumamosi.

Na kulikuwa na Jumamosi nyingine, ya zamani.

Tluway alipokuwa na miaka tisa, dada yake Blandina alikuwa Tanga akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Aliandika barua kwamba anarudi, amechoka, atapanda treni Ijumaa na Jumamosi asubuhi atakuwa Arusha. Baba aje amsaidie mzigo. Baba alikwenda. Alikaa stesheni siku tatu, akilala kwenye benchi la nje. Kila treni iliyoingia, aliwatazama watu wakishuka mpaka wa mwisho. Kondakta mmoja alimwambia kwamba alimwona msichana wa aina hiyo, mwenye kapu, amekaa dirishani, na kwamba walipita Moshi akiwa bado yumo. Zaidi ya hapo hakukumbuka. Polisi waliandika. Baba alirudi kijijini na barua mfukoni, na tangu siku ile hakupenda kuongea.

Mama hakukubali matanga. Hakukubali hata misa. Baba alipokufa, miaka mingi baadaye, watu walidhani sasa atalegea, lakini wapi.

Jumapili Tluway alipitia kwenye behewa baada ya kanisa, akaliona doa kwenye benchi la sita, kisha akapanda pikipiki kwenda kwa mama yake kijijini. Alikuwa na bahasha ya parokia mfukoni. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, familia huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, huyatia kwenye bahasha na kuyapeleka altareni Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili mwezi wa kumi na moja. Kwao mwandishi alikuwa Tluway. Mama alitaja, yeye akaandika.

Bernadina, mama yake, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya nyumba, miguu juani. Alikuwa na miaka themanini, na macho yake yalikuwa na ukungu.

"Aayo," Tluway alimwita, kama Wairaqw wanavyomwita mama. "Nimeleta bahasha."

"Kaa. Andika baba yako kwanza, asije akanung'unika."

Akaandika. Baba. Babu na bibi wa pande zote mbili. Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, ambaye padri wa zamani alimkataa na wa sasa hakuuliza. Halafu mama alinyamaza, na Tluway, kama kila mwaka, alibaki na kalamu hewani.

"Basi," mama akasema.

"Aayo. Mwaka huu je?"

"Mwaka huu nini?"

"Blandina."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Nimekwambia mara ngapi? Mtu aliye safarini haombewi kama marehemu. Ukimwombea, nani atamfungulia mlango akifika? Watu watasema, huyu si tulishamzika?" Akapapasa benchi kando yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Mimi nataka kitu kimoja tu kabla sijaondoka. Nijue kama amefika. Popote. Akifika, andika."

Tluway akakunja karatasi. Alitaka kuuliza na hakujua aanzie wapi, akauliza lililokuwa karibu.

"Alikuwa anakaaje?"

"Nani, Blandina? Vibaya!" Mama alicheka, na kicheko kilikuwa cha mama kijana. "Alikuwa anapandisha mguu juu ya mguu. Hapa nyumbani, kanisani, popote. Mguu mmoja chini, mwingine juu yake, kama korongo. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Nilimwambia, utawahi kushuka kwenye gari wewe? Miguu itakuwa imekufa ganzi." Akajifuta macho. "Kwa nini unauliza?"

"Nimekumbuka tu."

Alirudi Karatu polepole, akiendesha katikati ya vumbi la magari, na hakuhisi upepo usoni.

Jumatatu doa lilikuwa kwenye benchi la tano. Jumanne, la nne. Tluway alifanya kazi nje zaidi kuliko ndani. Alipolazimika kuingia alipita upande wa kulia, na mara moja, akiwa amebeba vanishi, alijisikia akisema "samahani" alipopita. Saa sita mchana upepo ulipotulia na magari kupungua, behewa lilikuwa kimya kwa namna ambayo kitu kitupu hakiwezi kuwa. Alikijua kimya hicho. Ni kile cha watu ndani ya basi wanaokaribia mwisho wa safari ndefu, kila mtu anatazama nje na hakuna anayeongea.

Alhamisi, tarehe thelathini, Abdulwahabu alikuja na Martini, fundi wa kuchomelea. Martini alishusha mashine yake kwenye toroli na kuanza kuvuta waya.

"Mnachomelea nini?" Tluway aliuliza.

"Mlango wa mbele," Abdulwahabu alisema. "Si tulishaongea? Wageni wanapandia nyuma, kule kwenye ngazi nzuri. Huku mbele naweka kaunta na friji. Mlango wenyewe haufunguki, una kutu ya tangu enzi za Nyerere. Tunauziba kabisa, panya wasipite. Jumatatu nina kundi la kwanza la wageni, mzee wangu."

"Usiuzibe."

Martini aliacha waya. Katika miezi miwili hakuna aliyewahi kumsikia Tluway akikataa kitu bila kusema kwanza "labda."

"Una nini mlango huo?" Abdulwahabu alijaribu kutania. "Umemficha mchumba? Niambie, nitakutunzia siri, mimi nina wake wawili najua shida zake."

"Bosi, kaunta nitaijenga nyuma. Nitaijenga mwenyewe, usiku na mchana, Jumatatu itakuwa tayari. Mlango huu uache mpaka Jumamosi."

"Na Jumamosi kuna nini?"

Tluway aliangalia viatu vyake. "Sijui bado. Lakini ukiuziba leo, mimi naweka chini randa yangu na sirudi. Na sitakuwa na kinyongo na wewe."

Abdulwahabu aligeuka. Akaingia ndani, akatembea mpaka mbele, akarudi. Aliporudi hakuwa anatania.

"Nani amekaa kwenye benchi la pili?"

"Umeliona."

"Nimeona kitu. Sijaona kitu. Astaghafirullah." Akapangusa paji la uso. "Jumamosi saa sita. Martini anawasha moto saa sita, uwepo usiwepo. Na uniombee nisiwe nimefanya upumbavu."

Ijumaa lilikuwa kwenye benchi la kwanza.

Jumamosi alfajiri Tluway alikodi pikapu ya jirani pamoja na dereva wake, akaenda kumchukua mama yake. Njiani alimwambia yote, kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, vipimo kwa vipimo, kama anayemweleza mteja hali ya kabati. Hakusema anadhani ni nani. Mama hakuuliza. Aliomba tu wasimame, akafunga kitambaa chake upya.

Walipofika, Abdulwahabu, Martini na Sairowua walikuwa wamesimama nje, mbalimbali, kama watu wasiojuana. Abdulwahabu alikuja haraka kumshika mama mkono.

"Shikamoo mama yangu. Karibu. Huku kuna ngazi, taratibu."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndiyo, mama. Ni behewa."

"Asante kwa kulileta."

Tluway aliingia kwanza. Mabenchi yote yalikuwa yamefunikwa na vumbi la usiku, mekundu, sawasawa, hata la kwanza. Alitembea mpaka mbele, na hapo, mbele ya mlango uliofungwa, aliyaona. Madoa mawili ya nyayo, sasa yote mawili, sambamba, vidole vikielekea mlangoni. Kushoto kwake duara la inchi kumi.

Abiria alikuwa amesimama.

Mama alikuja nyuma yake akijishika kwenye mabenchi, mkono mmoja baada ya mwingine, akiacha alama za vidole katika vumbi. Hakuona madoa, macho yake yasingeweza. Alipiga magoti kwa shida, akapapasa sakafu. Kiganja chake kilipita kwenye vumbi, kikafika mahali pasipo na vumbi, kikakaa hapo. Kikakaa muda mrefu.

"Mfungulie," alisema.

Tluway alishika kitasa. Hakikusogea. Alitia bisibisi, patasi, akapiga kwa nyundo. Kutu ilianguka kama maganda, lakini komeo la ndani lilikuwa limeshikana na fremu, chuma na chuma vimekuwa kitu kimoja. Alisukuma kwa bega. Nje, kwenye njia ya udongo, gari la wageni lilipita, na vumbi likaanza kuingia kwa madirisha na kushuka. Tluway aliona chembe zikianguka kwenye viatu vyake, kwenye kitambaa cha mama, kwenye ukingo wa madoa. Kwenye madoa yenyewe hakuna kilichoanguka.

"Martini!" aliita. "Lete ile ya kukatia!"

Martini alikuja na mashine ya kukatia chuma, amevaa miwani ya kazi. Alisimama pembeni kabisa, akijinyoosha ili asikanyage kitu.

"Mimi nimeitwa kuziba," alinong'ona. "Mungu wangu, nimeitwa kuziba tu." Akaiwasha.

Cheche ziliruka. Komeo lilikatika. Tluway alisukuma tena, na mlango ambao haukufunguka kwa miaka arobaini ulifunguka kwa nje, polepole, bila hata kulia. Mwanga ukaingia. Mbele yao palikuwa na mita moja na zaidi mpaka chini, kisha kiwanja, kisha ua wa michongoma, kisha mashamba ya Karatu yakipanda kuelekea msitu wa Ngorongoro.

"Atashukaje?" mama aliuliza. "Wekeni kitu, jamani. Amekaa sana, miguu imekufa ganzi."

Sairowua, aliyekuwa ameapa hataingia, alikimbia. Alileta taruma moja lililobaki, akaliegemeza, akaweka juu yake sanduku la vifaa la Tluway, na juu ya sanduku akatandika shuka yake nyekundu. Halafu akarudi nyuma hatua tano na kuinamisha kichwa, kama vijana wa kwao wanavyowainamishia wakubwa ili waguswe.

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua mkono wa kuume, kiganja juu, kama mtu anayemsaidia mwingine kushuka. Mkono ulibaki pale. Ulishuka kidogo, kwa uzito. Kisha ukawa mwepesi.

Tluway aliangalia sakafu. Vumbi lilikuwa likianguka kwenye nyayo sasa. Kwanza kwenye visigino, halafu katikati, halafu duara. Kwa muda wa kuvuta pumzi tano au sita, sakafu ilikuwa nyekundu yote.

Saa sita ilipita na hakuna aliyeiangalia.

Wakati wa kurudi, mama alikataa Tluway akae katikati kwenye kiti cha mbele cha pikapu. "Panda nyuma wewe," alimwambia. "Nafasi haitoshi." Tluway akapanda nyuma pamoja na gurudumu la akiba. Kupitia kioo alimwona mama yake akiongea njia nzima, kichwa kimeelekea mahali patupu kati yake na dereva, na dereva, kijana mwenye adabu, amebanana na mlango wake mpaka bega limegusa dirisha.

Jumapili alfajiri, Siku ya Marehemu Wote, Tluway alimkuta mama amekaa kwenye benchi la nje, uso umepumzika kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Una ile karatasi?"

Alikuwa nayo. Aliikunjua gotini.

"Andika Blandina. Andika vizuri, padri asije akakosea kulisoma." Akasikiliza kalamu. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilimkaangia mahindi jana. Hakula mengi. Alikuwa na haraka." Akaweka kiganja chake kwenye goti la mwanawe. "Twende kanisani, tusichelewe."

Abdulwahabu hakuzungumza tena habari za mlango. Jumatatu asubuhi alikuta kaunta imejengwa nyuma, kama Tluway alivyoahidi, na mbele mlango uko wazi, umepakwa rangi, na chini yake ngazi mpya ya mataruma. "Wageni watapenda kushukia huku," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Picha itatoka nzuri na ule mlima." Na kweli walipenda. Walikunywa chai wakasoma kibao cha kutema mate, wakacheka, wakagusa vishikio vya shaba.

Tluway alikuwa na kazi ndogondogo za kumalizia, kwa hiyo wiki ile aliendelea kufika kila siku. Mvua zilikuwa zimechelewa. Alhamisi alipofika alimkuta Hanifa, binti aliyeajiriwa kuhudumia wageni, yuko ujiani na kitambaa na ndoo, anapangusa mabenchi na kulalamika.

"Shikamoo, fundi. Hili vumbi lenu litaniua. Nikimaliza huku, kule limeshaingia. Bora lile la kule mwisho limenionea huruma."

"Marahaba. Lipi?"

"Lile la kumi na mbili, kulia. Tazama mwenyewe. Nusu chafu, nusu safi. Wala sijaligusa."

Tluway alikwenda mpaka mwisho wa behewa. Kisha akachuchumaa, akatoa tepu. Inchi kumi na nane, mtu mpana. Hapakuwa na duara. Sakafuni kulikuwa na nyayo mbili, kubwa, zimeachana, za mtu aliyekaa akisubiri na mikono magotini.

"Kuna nini, fundi?" Hanifa aliuliza. "Limeoza?"

"Hapana. Ni zima." Aliandika kwa chaki chini ya benchi, vipimo kwanza, kisha tarehe. Akaangalia urefu wote wa behewa, mabenchi kumi na moja na ule mlango wa mbele ulio wazi, mwanga umeujaza. "Hanifa, jioni mkifunga, ni nani anafunga ule wa mbele?"

"Mimi. Bosi alisema kila siku."

"Usiufunge."

"Na wezi je?"

"Sairowua yupo," Tluway alisema. "Na hili usilipanguse mpaka saa nne. Mwache akae."